Vijidudu vipendavyo chumvi vya Magadi: Hupewaje jina, na kwa faida ya nani?

KATIKA vioski vya Dandora, mashariki mwa jiji la Nairobi, chumvi na magadi huuzwa kwenye rafu moja. Chumvi hununuliwa kwa ajili ya mboga, nayo magadi hutiwa katika sufuria ya maharagwe au githeri ili chakula kiive upesi na makaa yasiishe bure. Ni wanunuzi wachache wanaojua kwamba bidhaa hizo mbili hutoka katika maji ya aina moja ya ajabu: maji makali ambayo mtu akiyatazama hudhani hayana uhai wowote.

Chumvi nyingi ya Kenya huvunwa Pwani, kaskazini mwa Malindi, ambako maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana na kuachwa yakaushwe na jua. Magadi, kwa upande wake, huchimbwa katika ziwa lenye jina hilo hilo, kaunti ya Kajiado, zaidi ya kilomita 100 kusini magharibi mwa Nairobi. Katika mabwawa hayo na katika ziwa hilo, maji yanapozidi kukolea hugeuka rangi. Huanza kuwa ya waridi, kisha mekundu kana kwamba yametiwa damu.

Wekundu huo ni viumbe hai. Ni vijidudu vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni katika kila kijiko cha maji, ambavyo haviishi licha ya chumvi bali huishi kwa sababu ya chumvi. Tangu miaka ya 1980, wanasayansi wamevichukua vijidudu vya Ziwa Magadi, wakavichunguza, wakavipa majina na kuvipanga katika koo zao. Kazi hiyo huitwa uainishaji.

Kwa mtazamo wa haraka, uainishaji ni shughuli ya wasomi wanaobishana juu ya maneno ya Kilatini. Hata hivyo, historia ya ziwa hili inaonyesha jambo tofauti. Jina la kijidudu ni sawa na hati ya shamba: huonyesha kiumbe ni kipi, kilitoka wapi, nani alikitambua kwanza na kielelezo chake kimehifadhiwa wapi. Anayekosa hati hiyo hupata taabu kubwa kudai haki yake mali inapoanza kuleta faida.

MAJI YANAYOUA, MAJI YANAYOLISHA

Ziwa Magadi halina mto unaotoka. Chemchemi za maji ya moto zilizo kando yake, baadhi zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 80, humwaga ndani maji yenye madini mengi. Jua kali la Bonde la Ufa huyafanya maji hayo kuwa mvuke, lakini madini hubaki. Kwa maelfu ya miaka mabaki hayo yamejijenga kuwa tabaka nene jeupe linalochimbwa na kusagwa. Kampuni ya kwanza ya kulichimba iliundwa mwaka 1911.

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Katika Ziwa Magadi wakati wa kiangazi, maji yanayosalia juu ya tabaka hilo hukolea kiasi kwamba hayawezi kuyeyusha chumvi zaidi, hali ambayo ni takriban mara kumi ya bahari. Juu ya hayo, maji yenyewe ni ya alkali kali. Katika kipimo cha pH, ambacho maji safi huwa na 7, Magadi hupita 10. Mtu akiyagusa huhisi utelezi kama wa sabuni.

Kwa viumbe vya kawaida, mazingira hayo ni kifo. Chumvi iliyo nje ya seli huvuta maji yaliyo ndani hadi seli isinyae. Ndiyo maana samaki ng'onda hukaa muda mrefu bila kuoza: bakteria wa kawaida waozeshao nyama hufa au hulala. Bakteria wanaosafisha maji taka katika mabwawa ya mradi wa Dandora, huko Ruai, wasingefanya kazi yoyote wakipelekwa Magadi.

Vijidudu vipendavyo chumvi vimepata njia mbili za kukabiliana na taabu hiyo. Baadhi hujaza ndani ya seli vitu laini visivyodhuru, vinavyozuia maji yasitoke. Kimojawapo cha vitu hivyo huitwa ektoini. Kiligunduliwa mwaka 1985 katika bakteria wa bonde la Wadi Natrun nchini Misri, na siku hizi hutiwa katika mafuta ya kutunza ngozi.

Njia ya pili ni ya ujasiri zaidi. Kijidudu hakizuii chumvi, bali hujaza mwili wake chumvi ya potasiamu mpaka ndani na nje kuwiane. Kwa kuwa chumvi nyingi huharibu protini za kawaida, viumbe hivi vina protini za pekee ambazo husimama imara palipo na chumvi na kuporomoka pasipo nayo. Kijidudu cha namna hiyo kikidondoshwa katika bilauri ya maji ya bomba, hupasuka.

Watu walikutana na viumbe hivi muda mrefu kabla ya kuvijua. Wafanyabiashara wa samaki wa chumvi na wa ngozi walilalamika kwa vizazi vingi kwamba bidhaa zao huota madoa mekundu na kuharibika. Chanzo kilikuwa chumvi yenyewe, ambayo ilibeba vijidudu hivyo kutoka mabwawani. Ni vyema kusema kwamba vijidudu hivyo vyekundu havijulikani kumletea binadamu ugonjwa wowote, ingawa samaki aliyegeuka mwekundu ni dalili kwamba ameanza kuharibika.

UKOO ULIOKUWA UMEFICHIKA

Kwa miaka mingi vijidudu hivi viliitwa bakteria tu. Chini ya hadubini vingi huonekana kama vijiti vidogo au vidoa vya duara, na kwa umbo hilo havitofautiani sana na bakteria wengine.

Mabadiliko yalianza mwaka 1977. Wanasayansi wawili wa Marekani, Carl Woese na George Fox, walilinganisha molekuli zilizomo katika mtambo wa seli unaotengeneza protini. Mtambo huo umo katika kila kiumbe hai, kuanzia mwani hadi binadamu, na hubadilika polepole sana kizazi baada ya kizazi. Kwa sababu hiyo unaweza kusomwa kama kumbukumbu za ukoo.

Waligundua kwamba baadhi ya viumbe vilivyoitwa bakteria havikuwa na ujamaa wa karibu na bakteria hata kidogo. Mwaka 1990 Woese na wenzake walipendekeza kwamba uhai wote ugawanywe katika milki tatu: bakteria, akea, na viumbe ambavyo seli zake zina kiini, wakiwemo mimea, wanyama na binadamu. Vijidudu vyekundu vya chumvi viliwekwa katika akea.

Fundisho la tukio hilo ni kwamba sura hudanganya. Viumbe viwili vinaweza kufanana kwa umbo, rangi na makao, kumbe vilitengana mabilioni ya miaka iliyopita.

ANWANI YA KIJIDUDU

Namna rahisi ya kuelewa uainishaji ni kufikiria jinsi mtu anavyoelekezwa nyumbani. Mgeni anayekwenda Dandora haambiwi tu jina la mwenyeji. Huambiwa kwanza Nairobi, kisha Dandora, kisha awamu ipi kati ya awamu tano za mtaa huo, kisha ploti na mlango. Kila hatua hupunguza eneo la kutafuta mpaka anabaki mtu mmoja.

Vivyo hivyo, kila kijidudu huwekwa katika milki, kisha katika makundi madogo zaidi na zaidi, hadi kufikia jenasi na spishi. Jina lake rasmi lina maneno mawili ya Kilatini au yaliyofanywa kuwa ya Kilatini. La kwanza ni la jenasi, yaani ukoo wa karibu, na la pili ni la spishi yenyewe.

Mtafiti anayedhani kwamba amepata spishi mpya huanza kwa kuitenga. Huchukua maji au tope, akalipaka juu ya chakula kigumu kilichotiwa chumvi na magadi kwa kiasi kinachofanana na cha ziwani, kisha husubiri. Vijidudu vya chumvi hukua polepole, na huenda ikachukua majuma kadhaa kabla ya vidoa vyekundu kuonekana. Kidoa kimoja huchukuliwa na kupandwa upya mara kadhaa mpaka iwe hakika kwamba kilichomo ni kizao cha seli moja.

Hatua ya pili ni kukihoji kiumbe hicho. Kinahitaji chumvi kiasi gani ili kikue, na kikizidishiwa huvumilia hadi wapi? Kinapenda joto lipi? Hula sukari, au hula protini? Kina mikia ya kuogelea? Mafuta ya utando wake ni ya aina gani? Suala la mafuta ni muhimu kwa sababu utando wa akea umeundwa kwa mafuta yasiyofanana na ya bakteria.

Hatua ya tatu ni kusoma jeni. Hutangulia jeni iitwayo 16S, ile ile inayohusiana na molekuli alizochunguza Woese. Ikiwa jeni hiyo inafanana na ya spishi inayojulikana kwa chini ya asilimia 98.7 hivi, kuna sababu nzuri ya kuamini kwamba kilichopatikana ni kipya. Siku hizi jenomu nzima husomwa na kulinganishwa. Viumbe viwili vikifanana kwa asilimia 95 au 96 na zaidi, kwa kawaida huhesabiwa kuwa spishi moja.

Katika vijidudu vya chumvi jeni ya 16S ina mtego wake. Baadhi ya akea hawa wana nakala zaidi ya moja ya jeni hiyo, na nakala hizo hazifanani. Mtafiti akisoma nakala moja tu anaweza kudhani kwamba amepata viumbe viwili ilhali ni kimoja. Kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi. Ushahidi wa jeni, wa kemia na wa tabia hupaswa kuzungumza lugha moja.

Hatua ya mwisho ni ya kisheria. Kanuni za kimataifa za kuwapa majina bakteria na akea hutaka maelezo ya spishi mpya yachapishwe, na jina lithibitishwe katika jarida maalumu la kimataifa. Aidha, zinataka kielelezo hai cha spishi hiyo kiwekwe katika hazina mbili za vijidudu zilizo katika nchi mbili tofauti, na kiweze kupatikana na watafiti wengine bila vikwazo. Bila kielelezo, hapana jina halali.

Masharti hayo si mepesi. Mwaka 1980 mwanasayansi wa Uingereza, A. E. Walsby, alieleza juu ya kijidudu cha ajabu kutoka dimbwi la chumvi katika Rasi ya Sinai. Kilikuwa bapa na cha pembe nne, mfano wa stempu ya posta. Ilichukua hadi mwaka 2004 kwa watafiti kutangaza kwamba wameweza kukikuza maabarani, na mwaka 2007 ndipo kilipopata jina rasmi, Haloquadratum walsbyi. Kwa zaidi ya robo karne kilijulikana kwa sura lakini hakikuwa na anwani.

WALIOITWA KWA JINA LA MAGADI

Simulizi la Ziwa Magadi katika vitabu vya uainishaji lilipata umaarufu mwaka 1984. Mwaka huo Brian Tindall, H. N. M. Ross na William Grant, kutoka Chuo Kikuu cha Leicester nchini Uingereza, walitangaza jenasi mbili mpya za vijidudu vinavyotaka chumvi nyingi na alkali kali kwa pamoja. Waliziita Natronobacterium na Natronococcus. Neno natron ni jina la kale la magadi.

Miongoni mwa spishi zilizotangazwa ilikuwemo Natronobacterium magadii, iliyopewa jina la ziwa. Nyingine ilikuwa Natronobacterium gregoryi, kwa heshima ya J. W. Gregory, mwanajiolojia wa Uingereza aliyelichunguza Bonde la Ufa. Spishi ya Natronobacterium pharaonis ilitoka Misri, na ndiyo sababu ya kuitwa kwa jina la mafarao.

Mwaka 1993 jina la Mkenya lilijitokeza katika orodha hiyo. Mtafiti W. E. Mwatha, akishirikiana na Grant, alitangaza spishi nyingine ya Ziwa Magadi yenye vifuko vidogo vya gesi ndani ya seli. Vifuko hivyo hukisaidia kijidudu kuelea karibu na uso wa maji, palipo na mwanga na hewa. Spishi hiyo iliitwa kwa neno la Kilatini linalohusu vifuko hivyo.

Lakini anwani hubadilika. Mwaka 1997, baada ya jeni kulinganishwa upya, Masahiro Kamekura wa Japani na wenzake walionyesha kwamba jamaa waliowekwa chini ya paa moja la Natronobacterium hawakuwa wa nyumba moja. Kijidudu cha Magadi kikahamishiwa jenasi ya Natrialba, na tangu hapo kinaitwa Natrialba magadii. Kile cha Mwatha kikawa Halorubrum vacuolatum. Kile cha Misri kilijengewa jenasi mpya, kikawa Natronomonas pharaonis. Kati ya hao wa mwanzo, gregoryi peke yake ndiye aliyebaki katika nyumba ya kale.

Kinachostahili kuzingatiwa ni kwamba ukoo ulibadilika, lakini neno la pili la jina halikupotea. Kanuni hulilinda neno hilo ili kumbukumbu isikatike. Kwa hiyo popote kijidudu hicho kitakapohamishiwa, neno magadii litakifuata na kutaja kilikotoka.

Baada ya Waingereza walifuata Warusi. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Moscow, wakiwemo T. N. Zhilina na Georgy Zavarzin, walieleza bakteria kadhaa wapya kutoka tope la Magadi wanaoishi bila hewa ya oksijeni. Mmoja aliitwa Spirochaeta africana. Mwingine, Tindallia magadiensis, alibeba kwa pamoja jina la Tindall na la ziwa.

KUTOKA ZIWANI HADI MAABARA ZA DUNIA

Msomaji anaweza kuuliza: majina hayo yamemfaa nani? Jibu ni kwamba viumbe hivi vimetumika kwa mambo ambayo waliovigundua hawakuyawazia.

Kutoka kwa yule ndugu wa Misri, Natronomonas pharaonis, wanasayansi walichukua protini inayopokea mwanga na kuiingiza katika seli za ubongo wa wanyama wa maabara. Tangu mwaka 2007 protini hiyo imetumika kuzima seli za neva kwa kumulika taa, na imesaidia uchunguzi wa jinsi ubongo unavyofanya kazi.

Yule wa Magadi, gregoryi, alipata umaarufu wa aina nyingine. Mei 2016 watafiti wa chuo kikuu kimoja katika mkoa wa Hebei, China, waliandika katika jarida la Nature Biotechnology kwamba protini yake ingeweza kukata na kuhariri jeni za binadamu. Habari hiyo ilizua msisimko mkubwa, kwa kuwa teknolojia ya namna hiyo ina thamani ya mabilioni ya fedha. Maabara nyingi duniani zilijaribu kurudia jaribio hilo bila mafanikio, na Agosti 2017 makala hayo yaliondolewa na waandishi wake wenyewe.

Hapo ndipo faida ya uainishaji ilipoonekana wazi. Watafiti kutoka mabara mbalimbali waliweza kulipima dai hilo kwa sababu kiumbe kilikuwa na jina moja, kielelezo kimoja na jenomu iliyosomwa. Kama kila maabara ingekuwa na kijidudu chake chekundu kisicho na hati, ubishi ule usingekwisha.

SURUALI ZA JEANS NA SABUNI YA UNGA

Mgogoro uliowagusa Wakenya zaidi haukuhusu akea wekundu, bali majirani zao: bakteria wa maziwa ya magadi yenye chumvi kidogo zaidi. Bakteria hao hutoa vimeng'enya ambavyo haviharibiwi na alkali. Kwa kuwa maji ya sabuni nayo ni ya alkali, kimeng'enya cha ziwa la magadi hufanya kazi vizuri ndani ya mashine ya kufulia. Vimeng'enya vinavyoshambulia nyuzi za pamba hutumika pia viwandani kufifisha suruali mpya za jeans, kazi ambayo zamani ilifanywa kwa kuzisugua kwa mawe.

Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini Kenya, KWS, lilitangaza kwamba lingedai sehemu ya mapato kutoka kwa kampuni ya Genencor ya Marekani. Kwa mujibu wa KWS, vijidudu vilivyokuwa chanzo cha vimeng'enya vya sabuni na jeans vilichukuliwa kutoka maziwa ya Bonde la Ufa bila ya Kenya kupata haki yake. Kampuni hiyo ilikanusha kwamba ilitenda jambo lolote kinyume cha sheria.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2007, KWS ilichukua njia nyingine. Ilitia saini mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark juu ya utafutaji wa vijidudu vyenye manufaa katika maeneo ya hifadhi. Mafunzo ya wataalamu wa Kenya na ujuzi wa maabara vilikuwa sehemu ya makubaliano hayo.

Ugumu wa madai kama yale ya mwaka 2004 ulitokana na ushahidi. Tembo akiibwa huacha pengo. Kijidudu hakiachi, kwa sababu tone moja la maji katika chupa ndogo hutosha kuzalisha matangi mazima ya bakteria katika nchi nyingine. Njia ya pekee ya kuthibitisha kilikotoka ni kumbukumbu: nani alichukua, wapi, lini, kwa kibali kipi, na kielelezo kikawekwa katika hazina gani. Kumbukumbu hizo ndizo ambazo uainishaji mzuri huzihifadhi.

SHERIA NA MAABARA ZA NYUMBANI

Hali ya sheria si ile ya miaka ya 1980. Mkataba wa Kimataifa wa Bayoanuwai, uliofunguliwa kutiwa saini mjini Rio de Janeiro mwaka 1992, ulitambua kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya rasilimali zake za kijenetiki. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika Oktoba 2014, iliongeza taratibu za kugawana faida. Kenya ni mwanachama wa yote mawili.

Nchini, kanuni zilizotolewa mwaka 2006 chini ya sheria ya mazingira zinamtaka mtafiti apate kibali cha mamlaka ya mazingira, NEMA, kabla ya kuchukua rasilimali hizo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali ilinde rasilimali za kijenetiki na bayoanuwai.

Hata hivyo, sheria hizi na kanuni za uainishaji hazikai pamoja kwa urahisi. Kanuni za majina zinataka kielelezo kipatikane kwa kila mtafiti bila vikwazo. Sheria za kugawana faida zinataka kila matumizi yaombewe idhini. Nchi ikifunga mlango kabisa, vijidudu vyake havitapata majina halali, na kisicho na jina ni vigumu kukitetea. Ikiuacha wazi kabisa, hurudi pale pale ilipokuwa. Hazina kubwa za vijidudu siku hizi hudai hati za kibali kabla ya kupokea kielelezo, na huwajulisha wanaokichukua masharti ya nchi kilikotoka.

Kwa upande wa utaalamu, Kenya haiko tena katika hali ya kutazama tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, JKUAT, akiwemo Profesa Hamadi Boga, wamechunguza vijidudu vya maziwa ya Elmenteita na Magadi kwa miaka mingi. Mwaka 2016 kundi la watafiti wakiwemo wa chuo hicho lilichapisha uchunguzi wa bakteria na akea waliomo katika chemchemi za moto za Magadi na Magadi Ndogo, uliofanywa kwa kusoma jeni zilizomo moja kwa moja katika maji, tope na mikeka ya vijidudu.

Chunguzi za aina hiyo zimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya vijidudu vya mahali hapo bado haijawahi kukuzwa maabarani wala kupewa jina. Mwaka 2022 ulianzishwa utaratibu mwingine, uitwao SeqCode, unaokubali jenomu iliyosomwa vizuri iwe kielelezo badala ya kiumbe hai. Kwa nchi isiyo na hazina kubwa za kuhifadhi vijidudu, utaratibu huo umerahisisha kazi ya kutoa majina.

Lakini urahisi huo una upande wa pili. Jenomu ya Natrialba magadii imo katika intaneti tangu miaka ya mwanzo ya 2010. Anayeitaka haombi kibali, hapandi gari hadi Kajiado wala hachoti maji. Huisoma katika kompyuta, akaagiza jeni anayoihitaji itengenezwe kiwandani.

Mataifa yalikabiliana na suala hilo katika mkutano wa bayoanuwai uliofanyika Cali, Colombia, mwaka 2024. Iliamuliwa kwamba kampuni kubwa zinazonufaika na taarifa za kijenetiki zilizo katika kompyuta zichangie mfuko maalumu. Mfuko huo wa Cali ulizinduliwa Februari 2025. Kampuni zinatarajiwa kutoa asilimia moja ya faida yao au asilimia 0.1 ya mapato yao, lakini si lazima kisheria, na nusu ya fedha au zaidi imekusudiwa kuwafikia watu wa asili na jamii za mahali.

Kwa jamii ya Wamaasai wanaoishi kandokando ya Ziwa Magadi, na kwa wanafunzi wa sayansi kutoka mitaa kama Dandora wanaotafuta nafasi katika maabara, hapo ndipo maswali ya uainishaji yanapoacha kuwa ya Kilatini. Mfuko unaweza kugawa fedha kwa haki endapo tu itajulikana jeni ilitoka wapi. Katika maelfu ya kumbukumbu zilizomo kwenye kompyuta za dunia, mahali pa asili hapakuandikwa. Pale palipoandikwa magadii, jina lenyewe hutoa ushahidi, miongo minne baada ya kuandikwa kwa mara ya kwanza.